Manifoldi ya ekzosi iliyopasuka kwenye Land Rover na Land Cruiser za zamani: dalili, chanzo na namna ya kubadilisha

Wenye Defender za 300Tdi (injini ya dizeli yenye tabo), Discovery za miaka ya 1990 na Land Cruiser za zamani hapa Mombasa huja gereji na malalamiko yaleyale. Injini inagonga asubuhi kisha inanyamaza. Ndani ya gari kunanuka moshi. Gari limekuwa zito likipanda Mazeras. Wengi wao wameshaambiwa ni tapeti (vyuma vinavyosukuma valvu), au nozo (kinachopuliza dizeli ndani ya silinda), au tabo (kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) imekufa, na wengine wameshalipia hizo kazi. Kosa mara nyingi liko kwenye manifoldi ya ekzosi, kile chuma kizito kilichofungwa ubavuni mwa hedi (kifuniko cha juu cha silinda) kinachokusanya moshi wa silinda zote na kuupeleka kwenye tabo au kwenye bomba linaloshuka chini.

Kuna jambo namwambia kila mteja kabla hajatoa pesa: manifoldi hupasuliwa na kitu. Ukifunga mpya bila kukiondoa kile kitu, na hiyo mpya itapasuka, pengine kabla ya mwaka kwisha. Kwa hiyo nusu ya kazi hii ni upelelezi, na nusu yake ndiyo spana.

Ili uelewe yanayofuata, fikiria joto. Chuma chenye urefu wa nusu mita kikipanda nyuzi 500 za Selsiasi hurefuka karibu milimita 3. Hedi ya aluminiamu, kama ile ya 300Tdi, hupozwa na maji ya radieta na kwa kawaida hubaki karibu na nyuzi 90, hivyo yenyewe hairefuki hata milimita 1. Maana yake ni kwamba kila safari manifoldi huteleza juu ya hedi kiasi cha milimita 2, na injini ikipoa inarudi ilikotoka. Chochote kinachoizuia isiteleze kinaivunja: ama yenyewe inapasuka, ama inakata stadi (vijiti vyenye meno vinavyoishikilia kwenye hedi), hasa zile za ncha mbili za mwisho.

Kabla ya kugusa chochote, gari lipoe. Manifoldi hubaki na joto la kuchoma ngozi muda mrefu baada ya injini kuzimwa.

Inagonga ikiwa baridi, inanyamaza ikipata moto

Hii ndiyo dalili inayoletwa zaidi, na ndiyo inayodanganya zaidi kwa sababu mwenye gari huona tatizo "limeisha" akifika Buxton. Halijaisha. Chuma kimetanuka na kuziba upenyo kwa muda.

Visababishi, kuanzia kinachoonekana mara nyingi:

1. Nati iliyolegea au stadi iliyokatika, kwa kawaida ya mwisho mbele au ya mwisho nyuma.
2. Gasketi ya manifoldi (kizibo chembamba kati yake na hedi) iliyoungua mahali pamoja.
3. Ufa kwenye manifoldi yenyewe, mara nyingi pale mikono miwili inapokutana au karibu na sahani ya kufungia tabo.
4. Manifoldi iliyopinda, ncha zake zikiwa zimeachana na hedi.
5. Tapeti au nozo, na hapo manifoldi haina kosa.

Ukaguzi wa kwanza haugharimu kitu. Asubuhi kabla ya kuwasha, fungua boneti umulike tochi pande zote unazoweza kufikia. Tafuta masizi. Moshi unaovuja huacha alama nyeusi kavu, na alama hiyo ina umbo: huanza nyembamba palipo na upenyo halafu inatanuka kama mkia wa jogoo kuelekea unakopulizwa. Ukiona hiyo, umepata mahali. Hesabu na nati. Stadi iliyokatika mara nyingi imeondoka na nati yake, na kilichobaki ni shimo lenye duara la masizi.

Kama huoni kitu, mwambie mwenzako awashe gari likiwa baridi kabisa. Chukua kipande cha mpira wa maji kama mita moja, ncha moja iweke sikioni, nyingine ipitishe taratibu kando ya manifoldi bila kugusa feni wala mikanda. Una dakika chache tu kabla chuma hakijatanuka. Kelele ya uvujaji ni kavu na ina pumzi ndani yake, na ukikanyaga mafuta ghafla inakuwa kali. Tapeti hugonga kwa mlio wa chuma kwa chuma, na kwa kawaida haijali sana kama injini ina mzigo au haina. Kwenye 300Tdi nafasi ya tapeti ni 0.20 mm injini ikiwa baridi, na kuipima ni kazi ya saa moja, kwa hiyo ipime kabla ya kuilaumu manifoldi.

Njia ya uhakika zaidi ni maji ya sabuni. Injini ikiwa baridi na imezimwa, ingiza upepo wa nguvu ndogo kutoka nyuma ya bomba la ekzosi, iwe kwa kompresa iliyopunguzwa au kwa mashine ya kufyonza vumbi iliyogeuzwa ipulize. Ziba kwa matambara kuzunguka bomba, kisha paka maji ya sabuni kwenye manifoldi na mzunguko wa gasketi. Povu litakuonyesha. Upepo kidogo utapita pia kwenye valvu zilizo wazi, usishtuke ukisikia unapumua upande wa chujio la hewa.

Kuna mafundi wanaotafuta silinda inayogonga kwa kulegeza bomba la nozo injini ikiwa inazunguka. Kama huijui pampu ya dizeli, usijaribu. Dizeli inayotoka kwa shinikizo hilo hupenya ngozi, na aliyechomwa nayo apelekwe hospitali hapohapo hata kama kidonda kinaonekana kidogo.

Harufu ya moshi ndani ya gari

Hapa nataka usome polepole, kwa sababu dalili hii inaua.

Moshi wa injini una hewa ya kaboni monoksidi. Yenyewe haina rangi wala harufu. Harufu unayoisikia ni ya vitu vingine vilivyomo kwenye moshi, na pua huzoea harufu baada ya muda, ila kaboni monoksidi inaendelea kuingia. Inashikamana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni mara zaidi ya 200, ndiyo maana hata kidogo kinachojilimbikiza kwa muda mrefu kinatosha kumdhuru mtu. Petroli hutoa nyingi kuliko dizeli, lakini usiseme "langu ni dizeli" ukatulia.

Mazingira yetu yanaongeza hatari. Jua la Mombasa linamfanya mtu afunge vioo na kuwasha kiyoyozi. Kisha yuko kwenye foleni ya feri Likoni, injini inanguruma, gari halisogei, hakuna upepo wa kufukuza moshi chini ya boneti. Watoto wamelala kiti cha nyuma na mzazi anafikiri wamechoka na safari ya Diani.

Moshi huingilia wapi? Kwenye Defender za zamani, mahali pa kwanza ni vile vifuniko vya hewa vilivyo chini ya kioo cha mbele. Moshi hutoka nyuma ya boneti na kunyonywa pale moja kwa moja. Baada ya hapo ni matundu ya nyaya na nyaya za pedali kwenye ukuta wa injini ambayo raba zake zimekauka, kisha mfuniko wa raba wa gia, kisha sakafu iliyooza kwa chumvi. Mwisho ni mlango wa nyuma: gari lenye mgongo uliosimama hunyonya moshi wake mwenyewe likiwa mwendoni ikiwa raba ya mlango huo imechoka. Kwa hiyo harufu inayokuja ukiwa umesimama ielekeze kwenye manifoldi na bomba la mbele. Inayokuja ukiwa mwendoni pekee, anza na raba ya nyuma na urefu wa bomba la ekzosi.

Mlango wa nyuma unapimwa kwa karatasi. Funga mlango ukiwa umebana kipande cha karatasi kwenye raba, ukivute. Kikitoka bila kushikwa, raba hiyo haizuii kitu. Rudia kila upande.

SIMAMA HAPA. Yeyote ndani ya gari akipata kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu au usingizi usio wa kawaida, zima injini, watu wote watoke nje kwenye hewa, na wapelekwe hospitali kwa gari lingine. Aliyepoteza fahamu, piga 999 au 112. Gari hilo lisiendeshwe tena, hata "hadi gereji tu pale mbele", mpaka uvujaji uzibwe. Lije kwa kuvutwa. Kufungua vioo si tiba.

Limekuwa zito kupanda, moshi mweusi, tabo haivuti

Kwenye injini ya tabo, moshi wa ekzosi ndio unaozungusha tabo. Ukivuja kabla ya kuifikia, nguvu imepotea njiani. Dereva huligundua akipanda Kwale kutoka Kombani: gia aliyokuwa akipandia zamani haitoshi tena, na nyuma kuna wingu jeusi.

Hata hivyo usianze na manifoldi. Anza na mipira ya hewa kati ya tabo, kipozea hewa na injini. Mipira hiyo hupasuka upande wa chini usioonekana, na klipu zake hulegea. Ipapase yote kwa mkono injini ikiwa baridi. Mafuta mabichi kwenye kiungo ni dalili ya mahali panapovuja. Kisha chujio la hewa, hasa kama umetoka kwenye vumbi la Tsavo. Vyote vikiwa vizima, kagua manifoldi, na zaidi kile kiungo cha manifoldi na tabo: nati zake nne hulegea kwa joto na gasketi yake huungua. Tabo yenyewe iwe ya mwisho kulaumiwa. Nimeona tabo nzima zikitolewa na kutupwa kwa kosa la gasketi.

Na kuna dawa ya barabarani ambayo lazima niipinge kwa nguvu zote. Gari likiwa zito, kuna mtu atakwambia aongeze mafuta kwenye pampu kwa skrubu. Gari litaamka kidogo, ndiyo. Lakini mafuta yasiyopata hewa ya kutosha yanapandisha joto la ekzosi, na joto hilo ndilo linalopasua manifoldi, linachoma valvu na mwishowe linayeyusha pistoni. Kama pampu yako imeguswa hivyo, irudishwe na fundi wa pampu kabla hujanunua manifoldi mpya.

Milipuko kwenye ekzosi ukiachia mafuta (petroli)

Hii ni ya Land Cruiser za petroli kama zile za injini ya 2F. Unaposhuka mteremko na mguu uko juu, ekzosi inapigapiga. Hewa ya nje inanyonywa kupitia ufa na kuwasha petroli iliyobaki.

Kwenye 2F manifoldi ya kuingiza na ya kutoa ziko upande mmoja na zinashirikiana gasketi na stadi. Kwa hiyo uvujaji wa upande mmoja mara nyingi huja na wa pili, na injini huzunguka kwa kuyumba. Hewa ikiingia bila petroli, mchanganyiko unakuwa mwepesi, joto linapanda, na ufa unakua. Usitafute uvujaji huo kwa kupulizia petroli au dawa ya kabureta juu ya manifoldi ya moto. Magari yameungua hivyo.

Nyaya zimeyeyuka, stata inakwama ikiwa moto

Mwali mwembamba wa moshi kutoka kwenye ufa unaweza kuchoma chochote kilicho mbele yake. Ukiona plastiki ya waya imekunjamana, bomba la breki limebadilika rangi au stata inakataa ikiwa moto tu, fuata mstari wa joto urudi nyuma hadi kwenye manifoldi. Bomba la mafuta au la breki lililoguswa na mwali huo libadilishwe. Gari lisitembee kabla ya hapo.

Ni nini kilichoipasua?

Umehakikisha ni ufa. Sasa swali lenyewe.

Kinachoongoza, kwa ninayoyaona, ni uzito wa bomba. Bomba la mbele lina brakiti yake inayolishikilia kwenye gia au kwenye injini. Brakiti ikikatika, au fundi aliyebadilisha klachi akiisahau chini ya benchi, manifoldi ndiyo inayobeba mtetemo wote wa bomba. Lala chini ya gari likiwa baridi, shika bomba, litikise. Likicheza peke yake bila injini kucheza, hujamaliza kazi. Angalia pia mauntingi za injini: mwambie mtu awashe na kuzima huku wewe umesimama pembeni ukitazama. Injini inayoruka na kuanguka huvuta bomba kila mara. Raba za mauntingi zilizolowa mafuta huvimba na kulainika, na zinaonekana nzima ukiziangalia kutoka juu.

Cha pili ni maji baridi kwenye chuma cha moto. Kuna anayetoka safari ya Voi moja kwa moja hadi kwa waosha magari, boneti inafunguliwa, maji ya nguvu yanamwagwa. Kuna anayepita kwa kasi kwenye madimbwi ya masika mjini. Chuma cha aina hii hakivumilii kupozwa ghafla upande mmoja. Ukilazimika kuvuka maji, vuka polepole ili yasirushwe juu, na injini ioshwe ikiwa baridi tu.

Kisha kuna ufungaji mbaya. Nati zimekazwa kupita kiasi, au zimeanzwa upande mmoja kwenda mwingine, au shimo la mwisho limejaa kutu na uchafu hadi stadi haina nafasi ya kucheza. Rudi kwenye zile milimita 2: mashimo ya ncha yametobolewa mapana makusudi. Manifoldi za 300Tdi zinajulikana kwa kupinda na kukata stadi za ncha, kwa sababu mikono yake imeunganishwa kwa mbavu za chuma zinazoifanya iwe ngumu. Wenye magari wengi hukata mbavu hizo kwa msumeno wa chuma ili kila mkono upate kutanuka peke yake, na mimi naunga mkono, mradi ikatwe na anayejua mbavu ni ipi na mkono wa moshi ni upi.

Mwisho ni joto la injini yenyewe: pampu iliyoongezwa, taimingi (wakati wa kuwasha mafuta) iliyochelewa, kabureta yenye mchanganyiko mwepesi. Hapa hutaona kitu kimevunjika. Utaona manifoldi yenye rangi ya kijivu cheupe, imejaa magamba.

Kuchomelea au kununua?

Inawezekana kuchomelea, lakini si kwa namna inavyofanywa mara nyingi. Manifoldi itolewe, ncha za ufa zitobolewe tundu dogo ili usiendelee, ufa uchimbwe kwa grainda, chuma chote kipashwe moto kwanza, kichomelewe kwa rodi ya nikeli vipande vifupivifupi, kisha kifukiwe kwenye mchanga mkavu au majivu kipoe polepole. Anayechomelea ikiwa bado kwenye gari kwa rodi ya kawaida anakuuzia ufa mwingine pembeni ya ule wa kwanza. Gundi za chuma ni za kukufikisha nyumbani tu.

Jambo la hatari: usisafishe chuma kwa dawa ya breki yenye klorini kisha ukakichomelea. Mvuke wake ukipata joto la kuchomelea hugeuka gesi ya sumu kali.

Kwa maoni yangu, nunua. Na ukinunua iliyotumika, ipime kabla ya kulipa. Ning'iniza kwa waya, igonge kwa nyundo ndogo: nzima hutoa mlio mrefu, yenye ufa hutoa mlio mfupi uliokufa. Halafu fanya kipimo cha chaki. Isugue kwa brashi ya waya, ipake mafuta taa, subiri kama robo saa, ifute ikauke, kisha ipake unga wa chaki mweupe. Mafuta taa yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari mwembamba wa unyevu juu ya ule weupe, hata pale ambapo jicho na tochi havikuona kitu. Muuzaji akikukataza kufanya hivyo, nenda duka la pili.

Kuitoa bila kuharibu hedi

Upepo wa bahari umeshaifanyia kazi kila nati. Mteja anasimama pembeni: "Fundi, tia nguvu tu, itatoka." Itatoka, ndiyo, na nusu ya stadi itabaki ndani.

Toa kichwa hasi cha betri kwanza. Siku moja kabla, lowesha kila nati kwa mafuta ya kulegeza kutu, rudia jioni na asubuhi. Tumia boksi ya pembe sita inayokaa sawasawa. Nati ikikataa, ipashe moto yenyewe, iache ipoe, iloweshe tena, kisha icheze mbele na nyuma kidogo kidogo. Ukisikia inalainika kama inajikunja badala ya kulegea, acha mara moja. Hiyo ni stadi inayosokoteka, na mzunguko unaofuata itakatika. Usilete moto karibu na mabomba ya dizeli, na kizima moto kiwe mkononi.

Gasketi za magari ya zamani zinaweza kuwa na asbesto. Ziloweshe kabla ya kukwangua, usizipulize kwa kompresa, usizisugue kwa grainda, na vaa barakoa.

Kwenye injini ya tabo, ziba mdomo wa tabo kwa kitambaa safi mara tu unapoufungua. Kipande kidogo cha gasketi kikidondokea ndani kinatosha kuikata visu vyake.

Stadi iliyokatika ikiwa na kichwa nje, ichomelewe nati juu yake. Joto la kuchomelea lenyewe hulegeza kutu na mara nyingi inatoka kwa spana ikiwa bado ya moto. Ukichomelea kitu kikiwa kwenye gari, toa betri na uchomoe nyaya za alteneta.

SIMAMA HAPA. Stadi iliyokatikia ndani ya hedi ya aluminiamu si kazi ya drili ya mkono kwa mtu asiyezoea. Biti hukimbia kutoka kwenye chuma kigumu na kuingia kwenye aluminiamu laini, na sasa huna meno wala katikati. Ikiwa kifaa cha kung'olea kimekatikia ndani ya stadi, usiguse tena kabisa: hicho ni kigumu kuliko biti yako. Peleka kwa fundi wa lathi, hata kama ni lazima hedi itolewe. Atatoboa kwa mashine iliyofungwa na kuweka meno mapya. Kwenye injini nyingine mashimo ya stadi hufika kwenye maji ya radieta. Ukiona maji yanatoka, stadi mpya ifungwe na dawa ya kuziba meno.

Kuifunga

Kwanza uso. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya nyuso zote za manifoldi na upitishe fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Kiwango halisi kiko kwenye kitabu cha injini yako, lakini kwangu mimi, kibati cha 0.25 mm kikipita popote, manifoldi inaenda kuskimiwa (kusawazishwa uso kwa mashine). Usivute manifoldi iliyopinda kwa nguvu ya nati. Kwenye 2F, unganisha manifoldi ya kuingiza na ya kutoa kwa bolti zake zikiwa zimelegea, na ziskimiwe zikiwa pamoja, la sivyo moja itakaa na nyingine itaelea.

Stadi mpya, nati mpya, gasketi mpya. Usipake silikoni, inaungua na kuacha upenyo. Paka grisi ya shaba kidogo kwenye meno. Panua mashimo ya ncha kwa tupa kama yamejaa kutu. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa mizunguko mitatu, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) ikiwekwa kwa kipimo cha kitabu. Funga bomba la mbele na brakiti yake zikiwa huru kwanza, zikae zenyewe, ndipo ukaze. Bomba linalolazimishwa kwa mtaimbo litarudisha ufa.

Kwa 300Tdi, kabla ya kuwasha chomoa waya wa kizimio (kinachokata dizeli) kwenye pampu, ili injini isiwake, na uzungushe stata kwa vipindi vya sekunde kumi hadi taa ya oili izime. Tabo ipate oili kabla ya kupata kasi.

Imefungwa, lakini bado inalia

Moshi kidogo siku ya kwanza ni grisi na mafuta yanayoungua. Kelele ikirudi ndani ya wiki, mara nyingi ni nati zilizokaa: kaza tena injini ikiwa baridi, baada ya kupata moto na kupoa mara kadhaa. Gasketi ikiungua tena mahali palepale, shida iko kwenye uso wa hedi, si kwenye manifoldi, na hedi lazima ipimwe. Stadi ya mwisho ikikatika tena, rudi chini ya gari utikise lile bomba.

Na kama umefanya yote haya na injini bado inagonga kwa sauti ileile, ikiwa baridi na ikiwa moto, pima msukumo (kompresheni) wa kila silinda kabla ya kununua kitu kingine chochote.